Mshono wa Bibi Sindano

Kikao kilipangwa kuwa Jumapili, saa nne asubuhi, na hakuna aliyejisumbua kumwambia Fundi kitazungumzia nini. Ya nini kumwambia? Akufukuzaye hakuambii toka. Aliona mwenyewe. Aliona wifi yake alivyoacha kumwazima hata mkasi. Aliona Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba mkwe, alivyopanda hadi dukani kwake kwa ushonaji Jumatano, akakaa kwenye kiti cha wateja, akazungumzia mvua, akazungumzia magoti yake, kisha akaondoka bila kusema kilichomleta. Jamani, mtu mwenye magoti mabovu hapandi ngazi kumi na nne kwa ajili ya mvua.

Walikuwa wanataka kumrudisha kwao. Habari yenyewe ndiyo hiyo, tusizungukezunguke.

Alikuwa amezaa mara mbili katika nyumba ile na kuzika mara mbili. Wa kwanza wa kiume, wa pili wa kike. Wote walizaliwa wanene, wenye sauti, wenye mashavu ya kufinywa na kila mpita njia. Wote walipofika mwezi wa sita wakaanza kulegea shingo. Mwezi wa nane hawakuweza kukaa. Mwezi wa tisa hata kumeza ikawa kazi, maziwa yanaingia kidogo na kurudi kwa kupaliwa. Wa kwanza alijikongoja mpaka mwaka na miezi miwili. Wa pili hakufika hata mwaka. Mama anayeshika shingo ya mtoto kutwa nzima hujifunza kufanya kila kitu kwa mkono mmoja, na hata baada ya msiba wa pili, Fundi akipiga pasi mkono wake wa kushoto ulibaki umekunjwa kifuani, haukubeba kitu.

Ukoo ukitafuta sababu huanza kwa yule asiye wa ukoo. Wifi, ambaye ulimi wake haukuhitaji kinoo, alilisema jambo hilo kwenye foleni ya maji, mbele za watu: "Kwetu hakuna mtoto aliyewahi kulegea. Tangu babu wa babu, hakuna. Hilo tumbo limekuja na lake." Wakaitikia wenye kuitikia. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujua kwamba mke wa mchomeleaji ana mkosi.

Na mumewe? Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alichomelea mageti na madirisha, akarudi nyumbani na macho mekundu, akala, akashukuru. Ila alikuwa katika wale wanaume ambao wakisikia wanawake wanagombana hutoka nje kutazama kama tairi la baiskeli lina upepo. Tairi lake halikuwahi kukosa upepo mwaka ule.

Aliyemuuma Fundi zaidi ni Mama, yaani mama mkwe wake. Mama hakumtukana, wala hakumsema. Alinyamaza tu. Wifi akibwabwaja, Mama anatazama vidole vyake. Na Mama huyu ndiye aliyemleta Fundi katika nyumba ile, watu wepesi wa kusahau! Miaka saba nyuma alipanda ngazi zile kumi na nne na gauni la kukunjwa pindo. Aliporudi kulichukua, alivaa miwani, akaligeuza pindo, akalitazama kwa muda mrefu mpaka Fundi akaanza kuogopa kwamba amekosea.

"Nani alikufundisha kushona hivi?"

"Bibi yangu, Mama. Chuoni walinisimanga sana, wanasema ni kupoteza uzi."

Maana ulikuwa mshono wa ajabu kidogo, wa mkono, wa kumalizia pindo. Sindano inakwenda hatua tano mbele, kisha inarudi nyuma hatua moja, inauma mshono uliopita, ndipo iendelee. Nguo ya Fundi ikichanika, itachanika kila mahali isipokuwa pindoni. Bibi yake alipokuwa akimfundisha alikuwa akiimba taratibu, "Tano mbele, moja nyuma, mtazame aliyebaki," na Fundi mdogo hakuwahi kuuliza ni nani aliyebaki. Mtoto gani huuliza maana ya wimbo?

Wiki iliyofuata Mama akaja na gauni jingine. Kisha na pazia. Kisha na kijana wake amembebesha mapazia manne, na mafundi wenzake Fundi wakachekea mikononi: mteja huyu jamani hapimi pazia, anapima mtu. Harusi ikafuata, na Mama akacheza mpaka viatu vikamtoka. Akawa anamwita "mwanangu", na aliposema neno hilo ungeapa kwamba alimzaa kweli.

Basi. Wiki mbili kabla ya kikao hicho, Fundi alikwenda kliniki peke yake, maana alikuwa na mimba ya miezi minne ambayo hakuwa amemwambia mtu. Muuguzi wa kliniki ya watoto aliwajua marehemu wote wawili kwa majina ya kudeka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kalamu mbili zilizochomekwa nywelani, na hakupenda kupaka maneno asali.

"Ugonjwa huu hauletwi na mtu mmoja," alisema. "Majibu ya binti yako yalirudi, ndiyo hayo. Baba amebeba nusu, mama amebeba nusu. Mwenye nusu haugui. Anakula, anacheka, anazeeka, anazikwa bila kujua. Nusu mbili zikimwangukia mtoto mmoja, ndiyo yale uliyoyaona."

"Na huyu?" Fundi aligusa tumbo.

"Kila mimba ni karata mpya. Katika nne, moja. Kipimo cha kumtazama akiwa tumboni hapa hatuna, na huko kiliko, majibu yatakuja wakati umeshajifungua."

Fundi akaangalia ukuta. Palikuwa na picha ya mtoto anayecheka, wa kutangaza chanjo, amekaa wima bila kushikwa.

"Wewe na mumeo ni ndugu?" muuguzi akauliza.

"Ndugu wapi! Kwao na kwetu ni nusu siku ya barabara."

"Nusu hizi ni adimu, dada. Zikikutana, mara nyingi zimetoka chungu kimoja. Nenda ukaulize wazee. Chora ukoo wako upande huu, wake upande huu. Duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, waliokufa hivi uwatie weusi."

Alipofika nyumbani alimweleza mumewe, mimba akaificha bado, akaeleza habari ya nusu na nusu tu. Mumewe akamweleza dada yake. Wifi akacheka cheko ambalo halikuwa na furaha ndani yake. "Nusu yetu imetoka wapi? Atuonyeshe! Hospitali siku hizi ukiwauliza watakwambia hata mvua ni ya kurithi." Na siku ile ile kikao kikaitishwa. Hapo Fundi akaelewa kwamba maneno ya muuguzi peke yake hayatamwokoa. Watu wale walitaka kuona mahali pale ambapo nusu yao iliingilia, na asipowaonyesha kabla ya Jumapili saa nne, ataondoka na tumbo lake, na yeyote atakayezaliwa atazaliwa na jina la mkosi.

Akachukua karatasi ya kaki ya kukatia mitindo, upana wa meza nzima, na chaki na kalamu na rula ndefu ya fundi. Upande wake ulikuwa mfupi: yeye, mama yake, bibi yake aliyemfundisha mshono. Juu ya bibi, mama yake bibi, ambaye habari yake ilikuwa neno moja tu: alikufa. Lini? Alikufa. Kaburi lake? Alikufa, mbona unauliza sana! Upande wa mumewe wakwe wa kiume walijulikana wote mpaka wanne kwenda juu, mraba juu ya mraba. Upande wa Mama ulipanda ngazi mbili tu. Mama, mama yake Mama, na bibi yake Mama, ambaye ukoo mzima wa kwao Mama ulimwita Bibi Sindano, kwa sababu alifika mwaka wa ukame mkubwa, hana mzigo, hana ndugu, hana hadithi, ana sindano moja imechomekwa kwenye ukosi wa gauni.

Fundi aliitazama karatasi. Upande mmoja mwanamke asiye na kaburi. Upande wa pili mwanamke asiye na kwao. Lakini wanawake wa namna hiyo ni wengi duniani, na Fundi hakuwa mtu wa kushona kitambaa na hewa.

Alhamisi Mama alikwenda kumwona dada yake mgonjwa, na Fundi akaingia chumbani kwake kutoa foronya za wageni wa Jumapili. Naam, alikuwa anapiga pasi foronya za watu wanaokuja kumfukuza. Ndivyo wanawake walivyo, msinicheke. Chini kabisa ya sanduku, chini ya foronya, akakuta kitambaa cha mtoto kilichozeeka mpaka kuwa rangi ya chai. Fundi hawezi kushika nguo asiipapase pindo, mkono wake ulikwenda wenyewe. Tano mbele, moja nyuma. Tano mbele, moja nyuma. Kona zote nne, na fundo la mwisho limefichwa ndani ya kunjo, kama alivyofundishwa na bibi yake na si mtu mwingine yeyote chini ya jua.

Akakaa sakafuni. Ndipo akaona kilichokuwa chini ya kile: kitambaa kingine, kipya, cheupe, laini, cha kupokelea mtoto. Pindo limeshonwa nusu, sindano ingali imechomekwa. Tano mbele, moja nyuma.

Mtoto gani? Katika nyumba ile hapakuwa na mimba nyingine. Mama alikuwa ameiona mimba, kama wanawake wazee wanavyoona, na alikuwa anaishonea kimyakimya. Na mshono ule aliujua. Aliujua tangu siku ya gauni la kwanza. Fundi alikumbuka vile vitambaa viwili alivyoletewa na Mama kwa wanawe wawili. Nguo ya zawadi mtu haikagui, alivipokea kwa furaha, akawafunga wanawe ndani yake, na ndani yake wakazikwa. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa mafundi cherehani, lakini walijua.

Kwa hasira akaitupa foronya pembeni. Kisha akakikunja kile cha zamani, akakitia kifuani, na kesho yake alfajiri akasafiri kwa mama yake mzazi.

Mama yake alikuwa mpishi wa shule, na alimkuta jikoni amejaa moshi, anakoroga sufuria linalomfika kifuani. Fundi hakusubiri hata wafike nyumbani.

"Shikamoo, Mama. Mama yake bibi alikufa wapi?"

Mwiko ukasimama. "Marahaba. Nani kakutuma?"

"Wanangu."

Mama yake alimtazama, akaona kifua kilivyokuwa kinapanda na kushuka, akafunika sufuria. Walikaa kwenye benchi la wanafunzi, fupi, magoti juu.

"Hakufa," mama yake akasema. "Bibi yako aliniambia siku tatu kabla hajafariki, akaniapisha. Mama yake alizaa wanne. Bibi yako ndiye wa kwanza, akapona. Watatu waliofuata walilegea shingo, mmoja baada ya mwingine. Wa tatu alipozikwa, mwaka wa ukame mkubwa, wakakaa kikao. Wakasema mwanamke huyu anakula watoto. Akatolewa mchana kweupe, akanyimwa hata nguo zake. Bibi yako alikuwa na miaka kumi, kashikwa mkono na shangazi zake asimfuate. Aliniambia hivi: mama aliondoka kama anavyoshona. Hatua tano, anageuka. Hatua tano, anageuka. Mpaka barabara ikamla. Halafu wakamwambia mtoto, ukiulizwa, mama yako amekufa. Akasema hivyo miaka sitini."

"Alikuwa na kitu mkononi?"

"Mkononi hapana. Sindano tu, kaisahau kwenye ukosi."

Fundi akatoa kile kitambaa kifuani. Mama yake hakuwahi kujifunza mshono ule, mikono yake ilikuwa ya miiko na masufuria, lakini aliutambua. Akakishika puani akaanza kulia, na Fundi akalia naye. Watoto wa shule wakachungulia dirishani kuuliza kama chakula kimeungua.

Jumapili saa nne walikuwa wanne sebuleni, na Fundi wa tano. Baba Mdogo alikaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake, ameweka magoti yake mbele kama mizigo. Wifi alikaa karibu na mlango. Mumewe alikaa kwenye ukingo wa kochi. Mama alikaa pembeni, amevaa lile gauni la miaka saba iliyopita.

Baba Mdogo akakohoa. "Tumekaa, tumetafakari, na kwa moyo mzito..."

"Naomba nianze mimi, Baba Mdogo," Fundi akasema. Akatandaza karatasi ya kaki juu ya meza, akaikandamiza pembeni kwa pasi na kwa mkasi mkubwa isijikunje. Watu wote wakainama kutazama, hata wasiotaka; mtu akiona mchoro hutafuta kwanza yeye yuko wapi.

Aliwaeleza. Hili duara ni mimi. Huu mraba ni mwanenu. Haya mawili meusi mnayajua. Haya matatu meusi ya huku juu ni watoto wa mama yake bibi yangu, walilegea kama wangu, naye akafukuzwa kwa ajili yao. Akaondoka na sindano kwenye ukosi. Na huku kwao Mama, mwaka huo huo wa ukame mkubwa mnaousimulia, akafika mwanamke mwenye sindano kwenye ukosi, akaolewa, akamzaa mama yake Mama. Nusu ilipita kwa binti aliyeachwa, ikaja kwangu. Nusu ilipita kwa binti aliyezaliwa huku, ikaja kwa mume wangu. Kwenu hakuna aliyelegea kwa sababu nusu ilikuwa inatembea peke yake. Ikasubiri mimi nije.

Baba Mdogo akafuata mistari kwa kidole.

"Kwa hiyo mmekuwa ndugu?" Baba Mdogo akasema, kisha, maskini, akajaribu mzaha. "Si wazee walisema, binamu nyama ya hamu." Akacheka peke yake, akaacha.

"Sindano!" Wifi akadakia. "Kila mwanamke ana sindano. Mimi ninayo. Sasa na mimi ni ndugu yako?"

Fundi akaweka kile kitambaa cha rangi ya chai mezani, na pembeni yake pindo la kitambaa alichokishona mwenyewe usiku wa kuamkia jana. Wifi akatazama. Alikuwa mbishi lakini hakuwa kipofu.

"Kinachobaki ni mtu wa kusema ndiyo," Fundi alisema. "Mimi sikumjua Bibi Sindano. Aliyemjua yumo humu." Akageuka. "Mama. Nakuomba. Sema."

Mama alikuwa anatazama vidole vyake. Vilikuwa vinachezea pindo la gauni lake, lile lile alilolikagua siku ile, vinahesabu. Mama akikataa, akisema tu sikumbuki, karatasi ile ni ya kufungia maandazi, na yeye jioni hii hii yuko barabarani. Na alijua kwamba Mama naye anajua hivyo.

"Ni kweli," Mama akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi Baba Mdogo asogeze sikio.

"Bibi alinilea mimi. Alikuwa ananiambia, nilimwacha binti mahali, ana miaka kumi, mkono wake mzuri. Siku ukikutana na mshono huu, ujue ni damu yangu, mrudishe nyumbani. Nilizunguka maisha yangu yote nikigeuza mapindo ya watu. Siku nilipoliona pale dukani nililia njia nzima. Nikasema, nitamrudisha, na nitamrudisha kwa heshima, mke wa mwanangu. Nilitaka kuwaambia siku ya mjukuu wa kwanza, iwe furaha juu ya furaha."

"Mbona hukusema?" Mumewe Fundi ndiye aliyeuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza mwaka ule.

"Alilegea shingo."

"Ukajua?"

"Wa kwanza, sikutaka kujua. Bibi alisema alifukuzwa kwa sababu ya watoto, nilidhani ni ubaya wa watu tu. Wa pili..." Akalikunja pindo la gauni. "Wa pili, nilijua."

"Ukajua. Na dada anatangaza mkosi kwenye foleni ya maji, na wewe umekaa."

"Niliogopa, baba. Mngesema nimewaua mimi. Niliyewakutanisha ni mimi."

Wifi akapiga ukelele mmoja, "Mama!" na kwa mara ya kwanza Fundi alimwonea huruma, maana ilikuwa sauti ya mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa vilikuwa vifo viwili.

Sasa tazama binadamu alivyo. Baba Mdogo alikuwa ameandaa maneno yake wiki nzima, na maneno yaliyoandaliwa hayapendi kupotea. Walikuja kumtoa mtu, na kikao kilichoitishwa kumtoa mtu hakikubali kuvunjika hivi hivi. Akakohoa tena. Akamgeukia Mama, akasema yale yale: "Tumekaa, tumetafakari, na kwa moyo mzito ukoo unakuomba, shemeji, ukapumzike kwa ndugu zako. Nyumba hii ni ya marehemu kaka. Wewe nawe hapa ulikuja kuolewa."

Mama hakubisha. Alimtazama mwanawe.

Naye mwanawe, macho mekundu bila moto wowote wa kuchomelea, hakutoka nje kutazama baiskeli. Laiti angetoka. Alimgeukia mkewe akasema, "Aliyeumizwa ni wewe. Sema wewe. Abaki au aende?"

Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa tayari mdomoni. Abaki. Fundi alilijua lilivyo. Alikuwa ametoka juzi tu kulia kwenye benchi la shule kwa ajili ya mwanamke aliyetolewa mchana kweupe, na kama katika kikao kile cha zamani mtu mmoja tu, shangazi mmoja tu, angesema abaki, kusingekuwa na lolote kati ya haya. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwemo chumbani.

Lakini aliona pia mwezi wa nane wa binti yake. Aliona amekaa jikoni, kichwa cha mtoto kwenye kiganja, anamdondoshea maziwa kwa kijiko cha chai, tone, tone, na Mama amekaa hatua mbili kutoka hapo, anatazama vidole vyake. Anajua. Miezi mitano yote anajua. Angesema tu, hili si kosa lako, mwanangu. Angesema kwa kunong'ona hata. Hasira ikampanda Fundi ikamjaa mdomo mzima, na lile neno likakosa pa kupita.

Alinyamaza.

Alitazama vidole vyake mwenyewe.

Walisubiri kwa muda ambao ungetosha kutunga uzi kwenye sindano. Kisha Mama akainuka, akaingia chumbani kwake, na hakukaa. Hakutoka na sanduku. Alitoka na kile kitambaa cheupe, pindo likiwa limeshonwa nusu, akakiweka juu ya karatasi ya kaki. Kisha akapeleka mkono kwenye ukosi wa gauni, akachomoa sindano moja ya zamani, nyeusi, iliyopinda kidogo katikati kwa kushikwa na vidole vya watu waliokwisha kufa. Akaichomeka kwenye karatasi, pale kwenye duara la Bibi Sindano, ambapo matawi mawili yalikuwa yamekutana.

"Malizia wewe," akamwambia Fundi. "Mkono wako ni mzuri kuliko wangu."

Akatoka. Bibi yake aliingia kwa watu ana sindano. Yeye alitoka hana hata hiyo.

Fundi alikwenda dirishani. Hakujiuliza kwa nini, miguu ilimpeleka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa kifuani. Mama alikuwa anatembea katikati ya barabara, polepole, mchana kweupe, na Fundi akajikuta anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sasa atageuka. Akigeuka, nitamwita. Naapa nitamwita.

Mama hakugeuka. Akahesabu tano nyingine, hakugeuka. Wala tano nyingine. Kisha akapinda kona penye duka la vyuma, na lile neno moja likabaki mdomoni mwa Fundi, halina tena wa kuambiwa.